Mtaro wa Katibu

Ukitaka kumpigia simu Katibu, ilikubidi uandae vocha ya kutosha. Hakuwa mtu wa kuanza na neno lenyewe. Shikamoo kwanza, na ukiisahau anakata. Ukishaitoa atakuuliza habari za kwako, za watoto, za mvua huko uliko, za yule jirani yako aliyekuwa anaumwa mguu, za mbuzi kama unaye. Mkija kufika kwenye jambo lenyewe, salio limekwisha, na wewe umesimama na simu sikioni kama mjinga. Alinifanyia hivyo sijui mara ngapi. Kila mara nilisonya, halafu nikaenda kununua vocha nyingine.

Na huyu ndiye mtu aliyemaliza umri wake akitueleza kwamba mawasiliano ya haraka ndiyo yatakayotuokoa.

Tulimwita Katibu tu. Alikuwa katibu wa chama chetu cha ushirika cha wakulima wa mboga kabla hakijafa. Soko huria lilipoingia, madalali wakaanza kupanda wenyewe na Fuso zao mpaka shambani, ushirika ukabaki jengo lenye kufuli, na cheo kikabaki kwa mzee kama jina. Mimi ni mtoto wa jirani yake. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na migomba na njia ya kwendea kisimani. Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Lushoto mjini, nikafungua kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi, na kila aliposhuka mlimani alikuja hapo. Kwa hiyo nilimjua kwa pande zote mbili, mzee wa kijijini kwetu na mteja msumbufu kuliko wote niliowahi kuwapata.

Alikuwa anaingia na koti la suti juu ya sweta, kofia ya kufuma, na mabuti ya mvua yenye udongo mwekundu, hata kama mjini kumekauka. Anakaa kwenye benchi, anafumba macho, anaanza kunisomea kutoka kichwani mwake.

"Andika, mwanangu. Taifa linaelekea kwenye uchumi wa maarifa."

"Katibu, kule kwetu hata maji ya bomba hatuna."

"Andika kwanza. Tutagombana ukimaliza."

Maneno hayo aliyaokota kwenye warsha. Miaka ile warsha zilikuwa nyingi. Mashirika ya umma yalikuwa yanagawanywa na kuuzwa, sera mpya zilikuwa zinaandikwa, na kila sera ilihitaji kuwa na mwananchi mmoja wa kijijini aliyekaa mstari wa nyuma ili isemekane wadau walishirikishwa. Katibu alikuwa mwananchi mzuri wa namna hiyo. Alivaa vizuri, alijua kusoma, hakulewa, na aliuliza swali lake kwa adabu baada ya kuomba radhi. Alikwenda Tanga, alikwenda Dar, alikwenda Dodoma, na kila mara alirudi na mkoba wa kitambaa wenye maandishi makubwa. Mikoba hiyo aliitundika kwenye misumari sebuleni. Mkewe alikuwa anaishusha mmoja mmoja na kuwekea mbegu za maharage.

Nisimfanye kichekesho, maana alichokuwa anakitaka kilikuwa cha kweli. Waya wa simu uliokuwa unapanda kwetu ulikuwa umekufa zamani, shaba yake imekatwa na wezi, na nguzo zimegeuka kuni. Mkulima wa kwetu alikuwa anakata kabichi, anazipanga barabarani, anamsubiri dalali, na bei ni ile atakayoitamka dalali akishuka kwenye gari, kwa sababu bei ya Kariakoo hatuijui. Shule ya sekondari ilikuwa na kompyuta za msaada zilizofunikwa kitenge, mwalimu anazipangusa vumbi kila Ijumaa. Katibu aliona vyote hivyo kama ugonjwa mmoja. "Sisi hatukosi akili," alikuwa anasema. "Sisi tunakosa kujua mapema." Alilisema hilo msikitini, kwenye harusi, na hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mpaka watu wakawa wanalimalizia kabla yake.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa hasemi anakwenda wapi. Anavaa koti, anasema "natoka kidogo," na mnakuja kusikia yuko Dodoma. Mkewe, mwanamke mpole aliyekuwa na ulimi mkali akitaka, aliniambia siku moja tukichambua mboga: "Huyu mgoshi wangu anataka dunia nzima ijue bei ya kabichi. Mimi sijui kama leo anakula nyumbani." Tukacheka mpaka tukatoa machozi.

Mwanamke huyo alifariki alfajiri moja ya kipupwe, baada ya kuumwa tumbo usiku kucha. Katibu alikuwa Dar, kwenye warsha ya mawasiliano vijijini. Sitanii. Mdogo wake Katibu alishuka mlima kwa miguu, akadandia gari la nyanya mpaka Lushoto, akanikuta nafungua kibanda. Tukaenda pale posta kupiga simu kwenye hoteli ya warsha, namba ilikuwa kwenye barua ya mwaliko niliyomtolea fotokopi. Mtu wa mapokezi hotelini akatuambia washiriki wako kwenye mada, hawasumbuliwi.

"Kaka, mtu amefiwa na mke," nikamwambia.

"Nimekuelewa, dada. Nitampelekea ujumbe wakati wa chai."

Kwetu maiti hailazwi. Walisubiri adhuhuri, wakasubiri alasiri, wazee wakaona haifai tena, wakamzika. Katibu alifika kesho yake, mkoba mpya begani, kadi yenye jina lake bado inaning'inia shingoni. Alisalimia kila mtu pale msibani kwa utaratibu wake uleule, mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishika mkono na kuuliza kwa sauti ndogo:

"Ulipiga?"

"Nilipiga, Katibu. Walisema watakwambia wakati wa chai."

"Chai ilichelewa," akasema, akaenda kwa mwingine.

Ungedhani baada ya hapo angezichukia warsha. Mimi ningezichoma moto. Yeye alizipenda zaidi, na hilo sikulielewa mpaka siku ya mkutano wa mtaro.

Mkutano huo ulifanyika uwanjani pa shule, kiangazi cha mwaka uliofuata. Kampuni ya simu, mpya, yenye wenye hisa kutoka nje, ilimleta ofisa kijana mwenye viatu ambavyo sote tulivionea huruma kwa vumbi letu. Alisema waya wa siku hizi haupiti juu kwenye nguzo, unapita chini ya ardhi, ni kebo inayopitisha mwanga, na ndani yake zinapita simu, picha, masomo, bei za masoko, kila kitu. Watu walisikiliza vizuri. Halafu akasema kampuni haiwezi kwenda kila mahali, itaanza na maeneo ambayo wananchi wenyewe wameonyesha utayari.

Hakusema chimbeni. Nataka niwe mkweli kwa huyo kijana, ingawa sina sababu ya kumpenda. Alisema utayari, akanywa soda, akachora mstari kwenye karatasi kuonyesha kebo ingepita wapi, akapanda gari lake.

Katibu ndiye aliyesimama. Hakutaja uchumi wa maarifa wala sera. Alisema: "Ndugu zangu, mke wangu mlimzika ninyi. Mimi nilikuwa nakula kuku hotelini. Nawashukuru. Sitaki mwingine hapa aje kushukuru hivyo." Akakaa.

Mtu asiyetujua hawezi kuelewa kilichotokea baada ya hapo. Kwetu aliyefiwa hanyimwi jembe. Ukisikia msiba, unachukua jembe lako na kwenda kuchimba, huulizi udongo ni wa nani wala marehemu alikuwa anakudai nini. Katibu hakuwa amechimba kaburi la mke wake. Watu walimwona pale amesimama na mikono yake mitupu, na kesho yake asubuhi, bila mbiu kupigwa, walikuja na majembe. Tuliita msaragambo kwa sababu ndilo neno tulilozoea kwa kazi ya kijiji, lakini haukuwa msaragambo. Watu walikuwa wanampa pole.

Tulichimba kutoka barabarani kwenda juu, moja kwa moja kama ule mstari wa ofisa kwenye karatasi. Mimi nilipanda kila Jumamosi, nikatoka malengelenge viganjani, nikacheka sana, maana kulikuwa na chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha na masihara yasiyokwisha. Na kila aliyekuwa pale alijua tunafanya kosa. Mlima wetu umekatwa ngazi tangu enzi za babu zetu, matuta yamelala kukingama mteremko, na mtoto wa darasa la kwanza anajua hukati tuta kuelekea chini, ukikata unayafungulia maji mlango. Katibu alijua kuliko wengi, alikuwa mkulima. Alisema tutafukia kebo ikishalala, kabla ya masika.

Shamba la mwisho lilikuwa la Mama Saumu, mjane, tuta moja la viazi na mstari wa mipeasi aliyoipanda marehemu mumewe. Wengine tulipita kwao bila kuuliza. Kwake Katibu alikwenda mwenyewe, akakaa uani, akamaliza salamu zote.

"Na maji, Katibu?" Mama Saumu akamuuliza.

"Maji hayatatukuta. Nakupa neno langu."

"Neno lako nalichukua. Mimi sina shamba jingine."

Mtaro ulikamilika, mzuri, umenyooka. Tukakaa kusubiri. Katibu akashuka Tanga kutoa taarifa kwamba wananchi wako tayari, akapokewa vizuri, akapewa kiti na maji ya chupa. Akarudi akisema wiki ijayo. Wiki ijayo akasema wanakuja kukagua kwanza. Mawingu yalipoanza kukaa kwenye misitu ya juu, watu walimwambia Katibu tufukie, kebo ikija tutafukua. Akakataa. Wakaguzi wakikuta pamefukiwa watasema hatuko tayari, wataipeleka kwingine. Alikwenda tena Tanga, na safari hii akakuta kibao kipya mlangoni na watu wapya ndani. Yule ofisa alikuwa amehamishwa. Mwanamke mmoja mwenye heshima zake akamweleza kwamba mwelekeo umebadilika, soko ndilo litakaloamua, na eneo letu halina mvuto wa kibiashara.

Alinisimulia hayo pale kibandani akiwa bado na vumbi la basi. "Mvuto wa kibiashara," akarudia, taratibu, kama mtu anayejifunza neno la mtihani. Nilitaka atukane. Nilimwombea atukane.

Masika yalianza akiwa njiani kurudi.

Sina haja ya kueleza sana maji yalifanya nini. Yalipata njia iliyonyooka na yakaitumia. Mtaro wa goti ukawa wa kiuno, wa kiuno ukawa wa kumeza mtu, matuta ya pande zote mbili yakaanza kuachia moja baada ya jingine. Mama Saumu alilala kwetu kijijini usiku wa mvua kubwa, nami nilikuwa nimepanda, na asubuhi tulipokwenda naye, shamba halikuwepo. Hapakuwa na viazi, hapakuwa na mipeasi, jiko lake lilikuwa limebaki nusu, linaning'inia. Hakupiga kelele. Aliokota sufuria lililokuwa kwenye tope, akalifuta kwa upindo wa kanga, akauliza nani ana mahali pa kumwekea.

Katibu alikuja akasimama mbele yake. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake nikamwona ameshindwa kutoa salamu.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa kulihudumia korongo. Ndivyo lilivyoitwa sasa, korongo, na watoto waliozaliwa baadaye walidhani liliumbwa na Mungu. Alipanda matete kingoni, akajaza mawe, akalaza migomba iliyoanguka, na kila masika yalimrudisha nyuma. Hakuna aliyemtukana. Watu wetu hawatukani mzee. Walimwamkia, akaitika, wakapita. Lakini kwenye mikutano akinyoosha mkono, mwenyekiti alikuwa haoni. Msikitini alikaa peke yake karibu na viatu. Mimi hilo liliniuma kuliko korongo, na bado linaniuma, kwa sababu majembe yalikuwa yetu sote na neno lilibaki la mtu mmoja.

Dunia nayo haikumngoja. Mnara wa simu za mkononi ulisimamishwa mbali, na ukipanda kwenye jiwe lililo juu ya msikiti ulikuwa unapata mtandao wa kuongea, ukibahatika. Ndipo Katibu naye akanunua simu na kuanza kututia hasara ya vocha. Lakini kwa intaneti mnara huo haukufaa kitu. Kompyuta za shule zilioza chini ya kitenge chao. Aliyetaka kujaza fomu ya chuo alikuja kwangu Lushoto, na asiye na nauli hakujaza. Niliwajua watoto wenye akili waliokosa nafasi hivyo hivyo, kwa kutojua mapema. Niliacha kubishana na Katibu kuhusu uchumi wa maarifa. Ulikuwepo kweli, na sisi hatukuwamo.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka huu tulionao, watu walipokuwa wanazungumzia mkongo, ile kebo ya mwanga iliyokuja upya. Nilisikia mjini kwamba umepandishwa milimani, umepita kijiji cha ng'ambo ya bonde letu, na cha kwetu umekiruka. Sikuamini. Njia ya karibu ni kwetu, ukiangalia kwa macho tu unaona. Nilipita kwanza huko ng'ambo kwa biashara zangu, halafu nikavuka bonde kwenda kumsalimia.

Nilimkuta barazani kajifunika blanketi, miguu imevimba, haendi tena korongoni. Nikatoa shikamoo, tukamaliza salamu zote, za watoto, za mvua, za mguu wa yule jirani ambaye alikwishafariki. Halafu nikamuuliza ilikuwaje.

"Walikuja," akasema. "Mkutano ukaitishwa shuleni. Vijana tu, wana adabu. Wakaomba njia ipite mashambani. Wanachimba wenyewe, kwa mashine, wanafukia siku ileile."

"Sasa?"

"Watu wakageuka kuniangalia. Wote. Tangu siku ya mtaro hawakuwahi kunigeukia. Mwenyekiti akasema, Katibu, wewe unasemaje?"

Ndani, mkwe wake alikuwa anatwanga kisamvu.

"Nikasema hapana. Nikasema hawa ni wale wale. Wakanipigia makofi, mwanangu. Walinipigia makofi mpaka wale vijana wakafunga karatasi zao."

"Na kebo hukuiona? Labda kweli walikuwa hawana."

"Niliiona. Ilikuwa kwenye lori, pale nje, imeviringishwa kwenye gurudumu la mbao kubwa kuliko mlango huu. Nilipita nikaishika kabla ya mkutano."

Nilikasirika, nikiri. Nilimwangalia mzee mgonjwa nikawa na hasira za kuweza kumtikisa mabega. "Uliishika, Katibu. Na bado ukasema hapana."

"Mama Saumu alikuwa amekaa mbele," akasema. "Kwenye ardhi, pale mbele yangu. Ningemwambia nini? Niseme nakupa neno langu?"

Nimelitafuta jibu la swali hilo nikiwa njiani, nikiwa kibandani, nikiwa kitandani. Aliyoyasema mara ya kwanza yalitumeza, na aliyoyasema mara ya pili yametufungia mlango, na mara zote mbili alisema kwa kutupenda. Gari limepita. Sioni litakalolirudisha.

Baadaye akaniuliza nimepitia njia gani kuja. Nikamwambia nimepita ng'ambo.

"Kebo yao imeshaanza kufanya kazi?"

Nilitamani kusema bado. "Imeanza," nikasema.

"Shuleni pia?"

"Shuleni pia. Niliwakuta watoto darasani wanamwangalia mwalimu aliyeko Dar anawafundisha hesabu. Wanamuuliza, anawajibu."

"Anawasikia vizuri?"

"Vizuri sana, Katibu."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akavuta blanketi mpaka usoni, akaniomba nisiondoke mpaka amalize kulia.